Hii propela ya mbao ni ya ndege gani? Nyumbani wanasema ya Mjerumani, mie naona herufi zinagoma

Mtoto wa Mkonge:
Wakuu salaam. Naomba msaada kwa anayezijua ndege za zamani maana hapa kwetu kila mtu ana lake. Baba mdogo anaishi kwenye nyumba iliyokuwa ya meneja wa shamba la mkonge, pande za Muheza, zile nyumba zenye baraza pana na bati jekundu. Juu ya mlango wa sebuleni kuna propela ya mbao ya mapanga mawili, ncha hadi ncha ni mita mbili kasoro kidogo. Ipo pale tangu kabla mashamba hayajataifishwa 1967, wazee waliofanya kazi kwa yule meneja, Mgiriki, wanaikumbuka vizuri tu.

Stori ya nyumbani ni kwamba ni ya ndege ya Mjerumani iliyodondoshwa kwenye vita ya Tanga 1914. Baba mdogo kwenye hilo haambiliki. Sasa kuna harusi ya binti yake inakuja anataka aishushe aipige msasa na vanishi ing'ae, nikamwambia baba subiri kwanza niulize wanaojua.

Ninavyoiona: mbao ni za rangi ya kahawia nyekundu, zimegundishwa tabaka kwa tabaka, ukiangalia kitovu kwa ubavu unaziona kama kurasa za kitabu. Ukingo mmoja wa kila panga umevalishwa bati la shaba ya njano lenye ribiti ndogondogo. Katikati kuna tundu kubwa na linazungukwa na tundu za bolti. Kwenye kitovu kuna herufi zimegongwa ila vanishi ya zamani imezijaa, nimeambulia DRG halafu NO halafu namba zilizofutika, na chini kidogo kuna D 6 na kitu hakisomeki, na P. Baba mdogo alipoona DRG akapiga makofi, "si mnaona, Deutsches Reich hiyo!"

Chuma Chakavu:
Mkuu hiyo ni hela. Nasikia wazungu wananunua hizo kwa mamilioni wanatundika baa. Weka bei.

Kaka wa Rufiji:
Mwambie baba mdogo vita ya Tanga Novemba 1914 haikuwa na ndege. Waingereza walishuka melini na jeshi lao la kutoka India, wakapigwa na askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wakasaidiwa na nyuki, wakarudi melini. Hakuna kilichodunguliwa pale zaidi ya heshima yao.

Ila vita ya kwanza kwa ujumla ndege zilikuwepo nchi hii na watu wengi hawajui. Meli ya Mjerumani Königsberg ilipojificha kwenye delta ya Rufiji, Waingereza walianza kuitafuta kwa ndege mwishoni mwa 1914, halafu 1915 wakaweka kambi kisiwani Mafia. Zilikuja Sopwith za kutua majini joto likazishinda hata kunyanyuka na mzigo ilikuwa shida, zikaja Short, mwisho zikaja Henri Farman na Caudron za magurudumu. Julai 11, 1915 meli ilipomalizwa, rubani Cull na mwenzake Arnold walikuwa juu wanawaelekeza wapiga mizinga, ndege yao ikapigwa wakaangukia mtoni na bado wakaendelea kutuma ishara huku wanashuka. Sasa kama propela inatoka kule? Mafia hadi Tanga si mbali kwa jahazi.

Mtoto wa Mkonge:
Kaka wa Rufiji umenipa darasa. Kwa hiyo kuna uwezekano?

Pangaboi:
Mimi nasema ni ya Zeppelin, lile puto kubwa la Mjerumani lililotumwa kumletea Lettow silaha 😂😂

Kaka wa Rufiji:
Pangaboi ile L59 iliondoka Bulgaria Novemba 1917 ikafika maeneo ya Sudan ikaambiwa geuza, ikarudi ilikotoka baada ya saa 95 hewani. Haikuiona hata Kenya. Labda propela iliendelea yenyewe kwa miguu.

Fundi Randa:
Mie naongea kama seremala tu, ndege sizijui. Mleta uzi tafadhali sana MSASA USIGUSE. Nimeshaona kabati la zamani la Kihindi, fundi kalipiga msasa wa mashine, muhuri wa aliyelitengeneza ukaenda na vumbi, mwenye mali alipokuja kuuza hakuna aliyemwamini tena. Herufi zilizogongwa kwenye mbao hazina kina, ni kama milimita moja, msasa mkavu unazifuta ukiwa unapiga stori.

Cha kufanya: futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu. Usitumie maji, thina wala mafuta ya taa. Halafu usiku zima taa, shika tochi uilaze kabisa mwanga upite sambamba na mbao, herufi zitatoa vivuli utazisoma. Pia chukua karatasi nyepesi, bandika juu ya kitovu usugue na penseli taratibu kama tulivyokuwa tunachora sarafu shuleni. Zungusha kitovu chote, mbele, nyuma na pembeni.

Na hizo tabaka, kuna sababu. Panga la mbao moja likipata unyevu linapinda, hata uchague mkangazi mzuri namna gani. Ukigundisha mbao nyembamba kadhaa kila moja inamzuia mwenzake.

Hanga ya Zamani:
Vijana hamjambo. Nimeitwa huku na mjukuu wangu. Mimi nilikuwa fundi wa ndege, nimeanzia kazi enzi za East African Airways na nikawepo mpaka ilipokufa 1977. Nina neno juu ya hiyo DRG.

DRG si Ujerumani. Ni kifupi cha neno la Kiingereza la mchoro, yaani DRG NO ni namba ya mchoro. Propela za Waingereza zinagongwa hivyo, kwamba hii imechongwa kwa kufuata mchoro namba fulani, ili fundi asije akafunga propela ya injini nyingine. D ni kipenyo. P ni hatua, yaani propela ikizunguka mara moja ingesonga mbele umbali gani kama ingekuwa skrubu inaingia kwenye mbao. Mjerumani hakuandika hivyo. Propela ya Mjerumani ya vita ya kwanza utakuta jina la kiwanda, Garuda, Heine, Axial, Wolff na wengineo, na nguvu za injini kwa PS, yaani nguvu farasi kwa Kijerumani, siyo HP ya Kiingereza. Mfaransa naye ana majina yake, Chauvière, Ratier, Régy, na hatua anaiita pas.

Na hiyo D 6, mwanangu, kama ni ya Mwingereza wa baada ya vita ya kwanza basi ni futi sita na kitu. Mita mbili kasoro inakubali. Waingereza wa wakati wa vita yenyewe walikuwa wanagonga kwa milimita, ungekuta D ikifuatiwa na tarakimu nne. Kwa hiyo kabla sijaiona mimi tayari naitoa Rufiji na Tanga naileta mbele, miaka ya 20 kwenda juu.

Niletee herufi zote. Na niletee jibu la swali hili: inazunguka upande gani?

Mtoto wa Mkonge:
Shikamoo mzee wangu. Asante sana. Nitajuaje inazunguka upande gani na imetundikwa ukutani?

Hanga ya Zamani:
Marahaba. Ni rahisi. Panga lina uso mmoja uliobinuka kama mgongo wa kobe na uso mwingine ulio bapa. Uliobinuka ndio unaotazama mbele ya ndege, ulio bapa unasukuma hewa nyuma. Simama uutazame ule uliobinuka, propela iwe imesimama wima. Angalia panga la juu tu. Ukingo mnene wenye bati la shaba ndio unaotangulia kukata hewa. Kama uko kulia kwako inazunguka kwenda kulia kwako, maana yake rubani aliyekaa nyuma yake anaiona inakwenda kinyume cha saa, hiyo tunaiita mkono wa kushoto na inagongwa L.H. Kama ukingo wenye bati uko kushoto kwako ni R.H.

Kwa nini nauliza. Ndege ndogo za Kimarekani, Piper na Cessna zenye injini za Continental na Lycoming, zote ni mkono wa kulia. Injini za Gipsy za de Havilland, kiwanda cha Mwingereza, ni mkono wa kushoto. Peke yake haitoshi, zipo na injini za zamani zaidi zilizokwenda kushoto, ila inafunga milango mingi kwa mara moja.

Pangaboi:
Mzee shikamoo. Kumbe kuna elimu huku mie nimekuja kuleta utani.

Nyasha wa Langata:
Wadau habari, niko Nairobi, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Wilson. Mkisema de Havilland mnanigusa. Wilson Airways ilianzishwa hapa 1929 na mama mmoja, Florence Kerr Wilson, na ndege ya kwanza kabisa ilikuwa Gipsy Moth. Baadaye wakawa na Puss Moth, Dragon, Rapide, na walikuwa wanashuka hadi Tanganyika na Zanzibar. Vita ilipoanza 1939 ndege zikachukuliwa na jeshi na kampuni haikurudi tena.

Hapa kwetu kila propela ya mbao iliyo kwenye hoteli utaambiwa ni ya Denys Finch Hatton, yule aliyeanguka na Gipsy Moth pale Voi Mei 1931. Ndege yenyewe iliteketea kwa moto! Sasa sijui hizo propela zote zimetoka wapi, lazima ndege yake ilikuwa na injini kama ishirini hivi.

Chunga pia feki jamani. Kuna zile zinachongwa Asia kwa ajili ya mapambo, zinapakwa rangi ya uzee na kuwekwa kibati cha shaba. Ukikuta kitovu hakina tundu za bolti, au zina tundu lakini hakuna alama ya chuma kubana, ujue haijawahi kuona injini.

Dada Kipima Upepo:
Naongezea la Nyasha. Si kila kitu chenye mapanga mawili ya mbao ni cha ndege. Miaka ya 30 na 40 walowezi mashambani walikuwa na chaja za upepo, kinu kidogo juu ya mlingoti kinachaji betri ya redio na taa, Wincharger ya Marekani ndiyo iliuzwa sana. Panga lake linafanana kabisa na propela mpaka mtu anaapa. Shamba la mkonge ndipo mahali pake hasa, umeme ulikuwa wa shida.

Tofauti: la chaja ni jembamba, jepesi, kitovu chake ni chembamba, halina lile tundu kubwa la kuingiza shafti ya injini, bolti zake ni chache na ndogo. Mleta uzi tupe unene wa kitovu.

Mtoto wa Mkonge:
Dada kitovu ni kinene, kinazidi upana wa kiganja changu, na tundu la kati mkono unaingia. Kuishusha peke yangu nimeshindwa, nimeita kijana wa jirani.

Dada Kipima Upepo:
Basi chaja imetoka kwenye kinyang'anyiro.

Chuma Chakavu:
Bei bado hujaweka.

Mtoto wa Mkonge:
Wakuu nimerudi. Jana usiku nilifanya alivyosema Fundi Randa, tochi nikailaza, watoto wote wamejaa sebuleni wanadhani natafuta nge. Baba mdogo kakaa kwenye kiti chake anatazama bila kusema kitu.

Matokeo. Kwanza upande: nimesimama kuutazama uso uliobinuka, panga la juu, bati la shaba liko KULIA. Na kwenye karatasi ya penseli zimetoka herufi L.H. safi kabisa, nimefurahi kama nimefaulu mtihani.

Pili, kuna mstari mwingine sikuuona mwanzo kabisa, uko upande wa pili wa kitovu. Unaanza na G, halafu pamekwanguka, halafu PSY, nafasi, halafu S na I na herufi ya mwisho kama X au K. Namba ya mchoro inaanza na DH, zinazofuata sizisomi.

Tatu, uso wa nyuma wa kitovu, ule uliokuwa umegusa ukuta, una duara jeusi, kama mbao imeungua. Si rangi, nimekwangua kidogo kwa ukucha. Na tundu mbili za bolti hazijakaa duara kamili, zimevutika kama yai.

Nne, kwenye ncha za mapanga lile bati lina vitobo vitatu vidogo sana kama vimetobolewa na sindano, nilidhani ni wadudu lakini wadudu hawatoboi shaba.

Hanga ya Zamani:
Mwanangu umefanya kazi ya mkaguzi. Twende moja moja.

GIPSY SIX. Hiyo ndiyo injini, silinda sita kwenye mstari mmoja, zimegeuzwa kichwa chini, nguvu kama farasi 200. Imetoka 1934. Gipsy ya kwanza kabisa, ya silinda nne, kazi ya mhandisi Frank Halford, ni ya mwishoni mwa miaka ya 20. Kwa hiyo hapo vita ya kwanza imeondoka moja kwa moja, hakuna namna propela ya injini ya 1934 ikaanguka 1914.

Vile vitobo kwenye ncha ni vya kutolea maji. Panga likizunguka, unyevu ulioingia kati ya bati na mbao unasukumwa mpaka mwisho wa ncha. Usipouachia njia unaozesha mbao ndani ambako huoni, au bati linavimba. Anayechonga propela ya mapambo hahangaiki na vitobo. Hapo mimi nimeridhika ni ya kweli.

Duara jeusi. Hilo ndilo lililonikumbusha mbali. Mbao inapumua. Ndege ikilala Nairobi kiangazi mbao inasinyaa, bolti zinalegea bila mtu kuzigusa, na ikishuka Tanga au Mafia kwenye unyevunyevu inavimba tena. Ndiyo maana fundi alitakiwa akague ubanaji wa bolti mara kwa mara na hasa majira yakibadilika. Asipofanya hivyo, kitovu kinaanza kucheza dhidi ya sahani ya chuma, kidogo sana, jicho halioni, lakini injini inapiga maelfu ya mapigo kwa dakika na msuguano ule unachoma mbao inakuwa mkaa. Tundu zinavutika hivyo hivyo ulivyosema. Mkaguzi akiona weusi ule anachukua chaki anapiga msalaba, haitengenezwi hiyo. Mie nilipoingia kazini Rapide zilishaondoka lakini stoo tulikuta mapanga ya namna hiyo yamesimama pembeni, watu wakiyaomba wanapewa.

Kwa hiyo hiyo propela haikudondoshwa na mtu. Ilikataliwa.

Pangaboi:
Baba mdogo anaambiwa propela yake ilifeli ukaguzi 😂😂😂 samahani wazee wangu

Kaka wa Rufiji:
Mzee nimekuvulia kofia. Lakini niruhusu niwe mbishi kidogo. Umeshaitaja Rapide. Gipsy Six haikufungwa kwenye Rapide peke yake. Ile DH.86 ya injini nne ilikuwa nayo, na Percival Vega Gull, aliyovukia Atlantiki rubani Beryl Markham 1936, ilikuwa na Gipsy Six. Tunajuaje si ya kule?

Hanga ya Zamani:
Swali zuri, na jibu ni kwamba hatujui mpaka tusome namba ya mchoro yote. Ila pima mwenyewe. Herufi DH mwanzoni mwa namba zinasema mchoro ni wa de Havilland, hiyo inapunguza Percival. Inabaki ndege za de Havilland zenye Gipsy Six. Rapide, yaani DH.89, iliruka mara ya kwanza Aprili 1934 na zilitengenezwa zaidi ya 700 ukihesabu na zile za jeshi walizoziita Dominie. DH.86 hazikufika hata mia. Sasa jiulize ipi ilikuwa inatua kwenye viwanja vya nyasi Tanganyika kila wiki.

East African Airways yenyewe ilianza safari Januari 1946 na Rapide sita. Sita tu, injini mbili mbili, basi kila wakati kuna propela kumi na mbili zinazunguka na akiba zake stoo, na zinachakaa kwa mchanga na mvua. Zilikuwa zinatua sehemu ambazo leo hata kiwanja huwezi kukitambua, kimeota nyasi. Na mameneja wa mkonge ndio walikuwa abiria.

Mimi ningeandika: propela ya de Havilland kwa injini ya Gipsy Six, yumkini Rapide. Hilo neno yumkini liache pale.

Nyasha wa Langata:
Na pia Wilson Airways walikuwa na Rapide kabla ya vita, kwa hiyo isihukumiwe kuwa ya EAA moja kwa moja. Inaweza kuwa ya 1936, inaweza kuwa ya 1950.

Hanga ya Zamani:
Kweli kabisa binti yangu. Hapo gundi na mihuri ya wakaguzi ndiyo itasaidia. Mtoto wa Mkonge, pembeni ya kitovu kuna alama ndogondogo, kama mwezi au duara lenye herufi ndani? Ndiyo mihuri ya ukaguzi. Na tafuta namba iliyogongwa peke yake, mbali na namba ya mchoro. Namba ya mchoro wanayo ndugu zake wote, hiyo ya peke yake ni ya huyu mmoja tu, kama namba ya chesi kwenye gari.

Fundi Randa:
Mzee nimependa hapo kwenye gundi. Gundi za zamani za ngozi na mifupa ya wanyama unyevu unaziachanisha, nadhani pwani zilikuwa zinateseka. Hivi zilikuwa zinasawazishwaje? Maana mie nikichonga miguu ya meza miwili haiji sawa.

Hanga ya Zamani:
Unapitisha chuma kilichonyooka kwenye tundu la kati, unakilaza juu ya kingo mbili kali zilizopimwa usawa, milango yote umefunga upepo usiingie. Propela inatulia yenyewe, panga zito linashuka chini. Unalipaka jepesi vanishi, unasubiri ikauke, unajaribu tena. Tofauti ikiwa kubwa unaongeza risasi ya kulehemu ndani ya bati la ncha ya upande mwepesi. Kazi ya siku nzima, na hutakiwi kukohoa.

Ndiyo sababu nyingine ya kutogusa hiyo vanishi. Vanishi iliyo pale si urembo, ni mzani.

Chuma Chakavu:
Jamani kwa hiyo sh ngapi?? Mbona swali langu mnaliruka

Kaka wa Rufiji:
Chuma Chakavu iliyokataliwa ukaguzini na haina ndege yake inayojulikana haiwezi kuwa bei ya zile zenye historia iliyoandikwa. Na ya vita ya kwanza ndiyo wanunuzi wanaigombania zaidi, ndiyo maana wauzaji wote duniani wanapenda kusema ya kwao ni ya vita ya kwanza. Halafu kabla mtu hajafikiria kuitoa nje ya nchi akaulize kwanza Idara ya Mambo ya Kale, asije akakamatwa uwanja wa ndege na panga la ndege.

Mtoto wa Mkonge:
Haiuzwi bwana, iko kwenye ukoo kuliko mimi.

Wakuu mrejesho. Nimekaa na baba mdogo nikamsomea uzi mzima kuanzia juu mpaka alipofika Mzee Hanga. Kwenye Rufiji alisikiliza, kwenye Zeppelin alicheka, kwenye "ilikataliwa" alinyamaza kidogo akasema mbona hata Mgiriki mwenyewe hakuwahi kutamka neno Mjerumani, waliosema Mjerumani ni wapishi na walinzi. Halafu ndipo akasema kitu ambacho hajawahi kukisema: baba yake, yaani babu yetu, alikuwa anatumwa na yule meneja kwenda kufukuza mbuzi kwenye kiwanja ndege ikikaribia, ndege yenyewe ilikuwa na "mabawa ghorofa mbili na moto huku na huku". Mzee, ndiyo yenyewe?

Hanga ya Zamani:
Mabawa juu na chini, injini mbili, moja kila upande. Ndiyo Rapide hiyo. Kwamba propela ile ilitoka kwenye ndege ile ile ya mbuzi siwezi kukuapia, lakini babu yako aliyoiona ni Rapide, au Dragon ndugu yake mkubwa, ila Dragon ilikuwa na Gipsy Major ya silinda nne na kitovu chako kinasema sita.

Mwandikie mzee hayo maneno chini na jina la babu na kiwanja kilikuwa wapi. Hiyo ndiyo sehemu ambayo haikugongwa kwenye mbao.

Nyasha wa Langata:
Ukipata namba ya mchoro yote iweke hapa, kuna watu Uingereza bado wanarusha Rapide na wana orodha za michoro. Mimi nitawatumia.

Mtoto wa Mkonge:
Nimejaribu tena leo na karatasi nyembamba zaidi, ile ya kufungia maandazi, nimepata 5 na 2 baada ya DH, zinazofuata mbili pamekwanguka kweli, kuna mtu zamani alipigilia msumari pale pale wa kutundikia 🤦 Alama za ukaguzi zipo mbili, duara lenye herufi ndani, nitapiga picha mchana mwanga ukiwa mzuri.

Swali la mwisho kwa leo. Vanishi ameshaghairi, kafuta tu vumbi. Ila anataka kuirudisha juu ya mlango wima, kwa sababu ya mapambo ya harusi yanapita pembeni. Kuna tatizo?

Hanga ya Zamani:
Lipo. Itundikeni kwa ulalo, kushoto na kulia. Ikisimama wima kwa muda mrefu unyevu unashukia panga la chini, linakuwa zito kuliko la juu na linaanza kupinda, ndiyo maana hata ndege ikilala uwanjani propela ya mbao inaachwa ulalo. Na msumari mwingine usipigiliwe kwenye kitovu, pitisheni kamba imara kwenye tundu la kati. Mapambo ndiyo yaipishe.